Shajara ya gitaa la umeme: mgrevilia, fremu ya mlango na shilingi elfu kumi

Wiki ya 1, Januari. Vipimo kabla ya mbao

Kazi ni gitaa la umeme la nyuzi sita, bodi nzima isiyo na tumbo wazi, shingo ya kufungwa kwa skrubu, gharama isipite Sh 10,000. Ruta (mashine ya kuchimba mbao) hatuna. Tulicho nacho ni msumeno wa mkono, jigiso ya kuazima, randa, patasi za mm 6, 12 na 25, drili, tupa na klampu sita.

Pesa zimegawanywa hivi: mbao zitafutwe kwa bei ya chini kabisa, lakini waya wa freti (vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo na kugawa noti), vikaza nyuzi na daraja (linaloshikilia nyuzi kwenye bodi) vinunuliwe vipya. Mbao ya kawaida ikikauka vizuri inatoa gitaa zuri. Kikaza kinachoteleza hakina dawa, kitakusumbua kila siku utakayoshika hilo gitaa.

Urefu wa uzi, kutoka kizingiti (kile kipande cha mfupa kinachopokea nyuzi zikitoka kichwani) hadi daraja, ni mm 648. Kipimo hiki ni cha kawaida sana, kwa hiyo shingo ya hapa ikiharibika kabisa, ya dukani ya kipimo hicho itaingia bila kubadilisha bodi. Freti ni 22. Kila moja inapatikana kwa kugawanya urefu uliobaki kwa 1.059463, yaani kipeuo cha kumi na mbili cha 2. Kwa mm 648, kutoka kizingiti hadi kila freti, kuanzia ya 1: 36.4, 70.7, 103.1, 133.7, 162.5, 189.8, 215.5, 239.8, 262.7, 284.3, 304.7, 324, 342.2, 359.3, 375.5, 390.8, 405.3, 418.9, 431.8, 443.9, 455.3, 466.2.

Pima zote kutoka kizingiti. Anayepima kutoka freti moja hadi inayofuata hukusanya makosa madogo madogo, na akifika juu amekosea milimita mbili bila kujua. Kosa la nusu milimita kwenye freti ya 12 huharibu sauti kwa senti karibu 2.7 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni), na sikio la kawaida litavumilia. Kosa hilohilo kwenye freti ya 22 ni karibu senti 5. Muziki wa benga huchezwa sana huko juu, kwa hiyo hapo hapana pa kuzembea.

Kiolezo cha freti kilichapishwa saiba, karatasi mbili za A3 za kuunganishwa. Nakala ya kwanza ilitoka fupi: freti ya 12 ilikaa mm 314 badala ya 324, kwa sababu printa iliachwa ijipimie ukubwa wa karatasi. Mwambie anayechapisha aweke asilimia 100, kisha pima freti ya 12 kwa rula ya chuma ukiwa bado umesimama kaunta.

Wiki ya 1 hadi 6. Mbao za bodi

Mgrevilia (wauzaji wengi watauelewa zaidi ukisema mukima), inchi 8×1, futi 7, kutoka yadi za mbao za Gikomba, Nairobi. Sh 130 kwa futi, jumla Sh 910. Kwa nini 1 na si 2? Kwa sababu mbao nyingi za yadi zimepasuliwa juzi. Kanuni ya zamani ya kukausha kwa hewa ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao laini kiasi, kwenye jua la Januari, huenda haraka zaidi ya hapo, lakini ya inchi mbili haiwezi kukauka ndani ya wiki sita hata ukiiombea.

Unyevu ulipimwa kwa mizani ya jikoni. Kipande kidogo cha g 133 kilikatwa katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka mapema, kikawekwa kwenye oveni nyuzi 103 hadi uzito ukaacha kushuka. Kilibaki g 100. Maji yalikuwa asilimia 33 ya uzito mkavu. Tunataka karibu 12. Kwa hiyo ubao mmoja wa g 1,690 unapaswa kushuka hadi g 1,690 ÷ 1.33 × 1.12, yaani g 1,423.

Mbao zilikatwa vipande vinne vya mm 480, ncha zikapakwa nta ya mshumaa, zikapangwa kivulini na vijiti vya unene mmoja katikati. Jua la moja kwa moja hupasua ncha na kuupinda ubao kama kigae. Uzito wa kila Jumamosi: 1,690, 1,575, 1,500, 1,455, 1,430, 1,420, 1,417. Ule mporomoko wa mwanzo ndio unaowadanganya watu. Ubao unaonekana umekauka juu, gundi inapakwa, miezi mitatu baadaye kiungo kinafunguka.

Onyo kuhusu mgrevilia: vumbi lake huwasha ngozi ya watu wengine. Mikono mirefu na barakoa.

Wiki ya 2. Mbao ya shingo

Shingo haiwezi kusubiri mbao mbichi ikauke. Tulinunua fremu ya mlango ya mvule kutoka nyumba iliyobomolewa, 4×2, futi 3 zisizo na mafundo, Sh 500. Imekaa ukutani miaka na imeshapinda kadiri ilivyotaka kupinda. Misumari yote ilitafutwa kwa sumaku kabla ya randa kugusa.

Mvule una adui mwingine ambaye sumaku haimwoni: ndani yake mara nyingine kuna mawe, chokaa iliyoganda ndani ya mti. Moja lilikuwa sentimita nne kutoka mwisho na lilitoa pengo kwenye ulimi wa randa. Ukiona alama nyeupe ngumu, chimbua kwa patasi ya zamani kwanza.

Fremu ilipasuliwa katikati kwa urefu, kipande kimoja kikageuzwa kichwa chini, vikagandishwa tena. Nyuzinyuzi zikiwa zinapingana, upande mmoja ukitaka kupinda mwingine unauzuia. Gundi nyeupe ya mbao, klampu saa 24. Kipande kilichopatikana: mm 700 × 90 × 19, bila ubao wa freti. Kichwa kiko sambamba na shingo ila kimeshushwa, na vikaza vyote sita viko upande mmoja. Kichwa cha kuinamisha kinahitaji kiungo cha mshazari, na kwa klampu sita hatukutaka kukijaribu.

Wiki ya 3. Rodi ya shingo

Nyuzi za 10–46 (unene wa mwembamba na mnene kwa maelfu ya inchi) kwa urefu huu huvuta karibu kilo 47 zikiwa zimekazwa. Ni karibu mfuko mzima wa simiti, usiku na mchana, unaovuta kichwa cha shingo kuja mbele. Rodi ndiyo inayovuta upande wa pili.

Chuma cha duara cha mm 5, vipande viwili vya mm 430. Kimoja kimekatwa nyuzi za skrubu za M5 kwenye ncha moja, urefu wa mm 30. Ncha za upande wa pili zimechomelewa pamoja. Upande wa nati, kile kisicho na nyuzi kimechomelewa kwenye kijiti cha chuma chenye tundu, na cha nyuzi kinapita tunduni na kukazwa na nati. Unapokaza, cha nyuzi kinafupika na rodi yote inajikunja kuelekea upande wake. Kwa hiyo cha nyuzi kikae chini, upande wa mgongo wa shingo, na kisicho na nyuzi kikae juu, chini ya ubao wa freti. Ukigeuza, rodi itasaidia nyuzi kuipinda shingo.

Rodi ya kwanza ilikatika kiungoni tulipoijaribu mezani. Ilikuwa imeshikizwa tu kwa tone moja la umeme upande mmoja. Ya pili ilichomelewa kwa gesi na shaba, pande zote, nyuzi za M5 zikiwa zimefungwa kitambaa chenye maji. Jaribu kila rodi kabla ya kuizika: ikaze mpaka ijikunje mm 5 katikati, ilegeze, ikaze tena. Ikishagandishwa ndani ya shingo huwezi kuitoa bila kung'oa ubao wa freti. Chuma na fundi, Sh 350.

Mfereji ni upana wa mm 5.5 na kina cha mm 10.5, umechimbwa kwa patasi ya mm 6 iliyopunguzwa kwenye jiwe, ikiongozwa na mbao mbili zilizonyooka. Hesabu ya unene ifanyike sasa. Shingo karibu na freti ya 1 itakuwa mm 21, ubao wa freti ukiwa mm 6. Mvule hapo ni mm 15, mfereji umekula 10.5, zimebaki 4.5 mgongoni. Mtu akitaka shingo nyembamba ya mm 19 atabaki na 2.5, na tupa itatokea kwenye chuma. Rodi ilivalishwa mrija wa plastiki ili isigongegonge, na utepe ukafunika mfereji wakati wa kupaka gundi, ukavutwa kabla ya kufunga klampu.

Wiki ya 4 na 5. Ubao wa freti, na kosa kubwa la mradi

Mpingo, kipande cha mm 520 × 62 × 8 kutoka kwa wachonga vinyago, Sh 600. Una mstari wa mbao nyeupe pembeni, ndiyo maana bei ilishuka. Kwa freti hakuna mbao bora zaidi ya hii: nzito, imefungamana, kidole hakiilimi. Lakini ina mafuta, na gundi huiteleza. Futa uso kwa asetoni, subiri ikauke, paka gundi ndani ya dakika kumi na tano.

Ubao umeachwa bapa, bila mviringo. Freti hazihitaji kukunjwa, na uzi ukivutwa kando hauzimiki. Ubaya wake ni kwamba kubana nyuzi zote sita kwa kidole kimoja kunachosha kidogo.

Mifereji ya freti ilikatwa kwa msumeno mwembamba wa kuazima wa mm 0.55, kina mm 3. Waya wa freti (Sh 700) una ulimi wa mm 0.5 wenye vimeno pembeni. Freti zote 22 ziligongwa kwa nyundo ya mpira, zikakaa vizuri, zinapendeza. Rula ya chuma ilipowekwa juu yake, shingo ilikuwa imepinda kwenda nyuma: katikati imeinuka, ncha zote mbili zimeachana na rula kwa mm 1.2.

Sababu iko kwenye mpingo. Mbao laini hubonyea vimeno vikiingia. Mpingo haubonyei. Kila freti inakuwa kabari ndogo inayosukuma mfereji ufunguke, na kabari 22 zikisukuma upande mmoja wa shingo, upande huo unarefuka. Rodi yetu inavuta upande mmoja tu, kwenda nyuma, kwa hiyo haiwezi kusaidia.

Freti zote ziling'olewa: pasi ya kulehemu juu ya freti sekunde chache, kisha koleo lililosagwa bapa mdomoni, polepole kutoka ncha moja, la sivyo vipande vya mpingo vinaruka. Mifereji ilipanuliwa kwa wembe wa msumeno wa chuma. Wembe wenyewe una unene wa karibu mm 0.63, ila meno yake yametanuliwa hukata karibu milimita nzima. Yakisuguliwa pande zote mbili kwenye jiwe la kunolea, hukata karibu 0.65. Huo wembe wa bei ya chai ndio ungefaa tangu mwanzo. Freti zilirudishwa kwa kusukumwa na jiriwa, tone la supagluu kila mfereji. Shingo sasa imepinda nyuma mm 0.2, na nyuzi zitaivuta hiyo bila shida.

Kwa ubao wa freti wa mvule, mm 0.55 ingekuwa sawa.

Wiki ya 7. Bodi bila ruta

Muundo wa bodi umefuata hesabu ya shingo. Mwisho wa shingo ni mm 25 (mvule 19 na mpingo 6), na tundu la shingo linahitaji kina cha mm 16. Badala ya kuchimba, bodi imefanywa tabaka mbili: la mbele limerandwa hadi mm 16 kamili, la nyuma mm 22. Tundu la shingo, la pikapu (kinasa sauti ya nyuzi) na la swichi za sauti yalikatwa kwa jigiso kupitia tabaka la mbele lote kabla ya kugandisha. Sakafu ya tundu la shingo ni uso wa tabaka la nyuma, umerandwa tayari, bapa kuliko ambavyo patasi ingeweza kuufanya. Jumla mm 38, nyembamba kuliko kawaida, lakini inatosha na inapunguza uzito.

Viungo vya katikati vya tabaka mbili vimeachanishwa kwa mm 30, nyuzinyuzi zote zikielekea upande mmoja. Usivuke tabaka kama plaiwudi: mbao hupanuka kwa upana, si kwa urefu, na bodi itapasuka msimu wa mvua. Klampu sita hazikutosha, kwa hiyo katikati paliwekwa mawe mawili ya ujenzi juu ya ubao nene. Tulipoteza kidogo hapo: gundi mbichi huteleza, tabaka la mbele likasogea mm 1. Misumari midogo miwili iliyokatwa vichwa, sehemu itakayotupwa baadaye, ingelizuia.

Shingo inafungwa kwa skrubu nne namba 8 za inchi 1½ na bati la chuma la mm 2. Hesabu: 38 kutoa bati 2 na bodi 22, zinabaki mm 14 ndani ya shingo. Toboa kwanza mm 3 kwenye mvule na upake skrubu sabuni, vinginevyo kichwa kitakatika.

Wiki ya 9. Daraja na kizingiti

Daraja la kawaida lisilo na mkono wa kuyumbisha sauti, Sh 900. Kikalio (kipande cha daraja unapokaa uzi) cha uzi mwembamba kisogezwe karibu na mwisho wa mbele, kiwekwe mm 648 kutoka kizingiti, kisha toboa. Kila uzi utahitaji kurefushwa nyuma kidogo, mm 1 au 2 kwa mwembamba, 4 hadi 5 kwa mnene, kwa sababu kuubonyeza uzi kunauvuta na kuupandisha sauti. Ukiweka kikalio katikati ya safari yake kwenye 648, uzi mnene unaweza kukosa nafasi.

Kabla ya kutoboa, nyuzi mbili za kushonea zilifungwa kutoka kikaza cha kwanza na cha sita hadi darajani kuona kama zinapita sawa pembeni mwa ubao wa freti. Ule mm 1 wa wiki ya 7 ulionekana hapa. Daraja lilisogezwa kufuata shingo, si kufuata mstari wa kati wa bodi.

Kizingiti ni mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka buchari. Chemsha, kwangua, loweka kwenye petroli siku tatu nje ya nyumba kutoa mafuta, anika. Usitumie Jiki kuufanya mweupe: inakula kinachoushikilia mfupa na utavunjika kama chaki. Mifereji ya nyuzi imechongwa kwa vile visafisha mdomo wa bomba la gesi vinavyouzwa kwenye maduka ya kuchomelea, vijitupa vya duara vya saizi mbalimbali. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3: nafasi juu ya freti ya 1 iwe ya kupita karatasi tu.

Wiki ya 11, mwisho wa Machi. Vanishi na mvua

Sanding sila na NC klia (vanishi ya nitroselulosi isiyo na rangi), zote zikichanganywa na thina nusu kwa nusu, zikapakwa kwa kitambaa cha pamba. Mikono minne (yaani tabaka nne) ilikaa vizuri. Wa tano ulipakwa jioni mvua ikinyesha, ukageuka mweupe kama maziwa. Thina hukauka haraka na kuupoza uso, unyevu wa hewa ukaganda humo. Hakuna haja ya kukwangua: siku ya jua, pitisha kitambaa chenye thina kidogo, weupe unatoka. Gundi, msasa, sila, NC na thina, Sh 1,450. Mpingo haukupakwa chochote ila mafuta kidogo.

Wiki ya 12. Umeme

Pikapu moja ya koili mbili, Sh 1,400. Kuifunga wenyewe kungehitaji waya wa shaba wa mm 0.063, na mafundi wa motokaa na mota hushughulika na waya mnene zaidi. Poti mbili (vizungushio vya sauti na toni), kapasita na jeki kutoka Luthuli Avenue, Sh 450. Ukiomba poti utapewa B100K (kilo-ohm 100) ya redio. Ukiifunga, sauti nyembamba zote zitapotea ardhini na gitaa litalia kama limefunikwa blanketi. Omba A500K (kilo-ohm 500), na pima kwa mita pini mbili za nje kabla ya kulipa. Kapasita ya toni iwe ya 223, yaani mikrofaradi 0.022.

Matundu yamebandikwa foili ya jikoni ili kuzuia mvumo wa umeme. Risasi ya kulehemu haishiki alumini, kwa hiyo waya wa ardhi umebanwa kwa skrubu na washa. Waya mwingine umeenda chini ya daraja. Kwa kuwa nyuzi sasa zimeungana na ardhi ya amplifaya, usichomeke kwenye soketi isiyo na waya wa ardhi. Pima soketi kwanza, hasa kwenye kumbi za kukodi.

Wiki ya 13. Kukaza nyuzi

Vikaza Sh 1,500, nyuzi Sh 700, skrubu Sh 120. Jumla ya mradi ni Sh 9,580.

Freti zilisawazishwa kwa msasa namba 320 uliobandikwa kwenye kipande cha kioo cha mm 8, vichwa vyake vikiwa vimepakwa wino wa maka: msasa ukigusa wino wote, acha. Freti ya 9 na ya 14 zilikuwa juu.

Baada ya saa 24 za nyuzi kukazwa, shingo ilivutwa mbele hadi nafasi ya mm 0.45 kwenye freti ya 7 (bonyeza freti ya 1 na ya mwisho, ingiza fila geji ya kurekebisha valvu, kutoka maduka ya spea ya Kirinyaga Road). Robo tatu ya mzunguko wa nati ya rodi ikairudisha hadi 0.22. Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12 ni mm 1.8 upande mnene, 1.5 mwembamba. Sauti ya freti ya 12 inalingana (oktavu moja juu) na ya uzi ukiwa wazi kwa nyuzi tano. Ule wa tatu bado uko juu kwa senti 4, na kikalio chake kimefika mwisho wa skrubu. Springi fupi zaidi ya skrubu hiyo imeagizwa, ili kikalio kirudi nyuma zaidi.